Unga Ndani ya Dawa ya Mama

Uthiru, Nairobi
8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Kanini,

Unaendeleaje huko Doha? Natumai joto ulilolalamikia halijakuzidi, na kwamba siku hizi unapata nafasi ya kula vizuri na kulala. Sisi huku tuko, Mungu anatusaidia. Baridi imeingia, na asubuhi ukungu unafunika Waiyaki Way yote.

Utashangaa kuona karatasi, na tunapigiana simu kila Jumapili. Kwenye simu Mama huwa ameketi karibu nami. Akisikia ni wewe, ananyang'anya. Kwa hivyo barua nimempa Musembi wa mjomba, anayerudi kazini huko Alhamisi.

Ni habari ya mguu. Mama huwa anakuambia kidonda kilipona. Hakikupona. Mwezi wa nne alikatwa mguu wa kushoto, chini ya goti.

Unakumbuka tulivyompeleka kliniki ya Mountain View kwa Daktari Gurleen, wewe na mimi, kile kidonda cha kisigino kilipoanza kutoa usaha. Unakumbuka majibu ya maabara: viini ambavyo penisilini ya kawaida haiviui, na mtu mwenye sukari kama Mama hawezi kuvichezea. Akaandika flukloksasilini, ambayo ni penisilini pia, lakini iliyotengenezwa kwa ajili ya viini sugu kama hivyo. Kidonge kimoja, vile vya ganda lenye unga ndani, mara nne kwa siku, kabla ya chakula, wiki mbili bila kuruka. Mimi natoka kwenda kazini mjini alfajiri, kwa hivyo dawa nilikukabidhi wewe. Uliitikia kwa kichwa ukasema umeelewa.

Ulipoondoka mwezi wa tatu, mguu ulikuwa umeanza kunuka. Nilidhani ni kawaida. Wiki iliyofuata homa ikampanda mpaka akawa ananiita kwa jina la dada yake, marehemu mama yako. Nikamrudisha kwa daktari.

Daktari hakuelewa, kwa maana vipimo vilionyesha kwamba dawa ile ingeviua viini vile. Akaomba kuona vidonge vilivyobaki. Akakifungua kimoja juu ya karatasi, akasugua ule unga kwa kidole, akaulamba.

"Huu ni unga wa ugali," akasema. "Nani alikuwa anampa dawa?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama alijibu kutoka kitandani.

"Ni mimi. Dawa nilipea kuku."

Daktari alimgombeza mbele yangu kama mtoto wa shule, na Mama akaomba msamaha. Ilikuwa imenijia hapo hapo kwamba mtu asiyeweza kutia uzi kwenye sindano bila kusaidiwa hawezi kufungua vidonge, kuvijaza unga na kuvifunga tena.

Jioni nilimuuliza Mungai, jirani. Akaniambia bila wasiwasi wowote kwamba ulimfundisha siri: kuku wakikohoa, wamwagie dawa ya binadamu kwenye maji. Alikusifu. Kuku wako hawakufa hata mmoja.

Kwa wiki mbili viini vilikula bila kusumbuliwa. Vilipofika kwenye mfupa, hata sindano za hospitali kubwa, mchana na usiku, hazikuviweza. Yule aliyetulea kwa cherehani ya kukanyaga, wewe na mimi, sasa anaiangalia tu. Nimeifunika shuka.

Na kuku wale, ulipowauza, ndio waliokupandisha ndege, Kanini.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Mama alijua. Siku ya nne kidonge kilimnata ulimini kikafunguka, akaonja unga. Siku hiyo hiyo alikuona kupitia dirishani ukimimina dawa kwenye maji ya kuku. Aliendelea kupokea kila ulichompa, akameza, akakuambia asante. Alidhani kuosha kidonda kwa maji ya chumvi kutamtosha, na wewe kuku ndio pekee uliokuwa nao. Aliniambia haya usiku wa kuamkia upasuaji, ameshika mkono wangu.

"Kanini asijue hata siku moja," akasema. "Hataweza kuishi nalo. Niapie."

Nikaapa. Nikashika na Biblia yake.

Miezi miwili nimemwosha kile kipande cha mguu huku nikimsikia akicheka nawe kwenye simu, akikuambia anatembea mpaka kanisani. Kila ukimwambia "Mungu ni mwema, Mama," anaitikia amina. Nimeshindwa. Yeye alisema hutaweza kuishi nalo. Mimi naona utajaribu, kama ninavyojaribu.

Jumapili ukipiga, ongea naye kama kawaida. Usilie, asije akajua nimevunja kiapo. Hiyo ndiyo kazi yako sasa.

Mungai anakusalimu, anauliza lini utarudi kufuga. Mama anakusalimu zaidi ya wote. Anakufumia sweta kwa mkono, maana ukija Desemba kutoka kwenye joto hilo utasikia baridi ya huku.

Mungu akutunze huko, akurudishe nyumbani ukitembea kwa miguu yako miwili.

Ni mimi dada yako, anayekupenda hata sasa,

Veronicah