Tambi za Jumamosi

Jumanne

Pilau! Eti meneja anataka nipike pilau. Mwimbaji ninayempenda tangu usichana wangu anakuja Dodoma, Jumamosi atakula hapa hotelini kwetu, halafu nimpe pilau anayolishwa kwenye kila harusi?

Nikamwambia, "Bosi, nitampikia tambi za mkono, kama nilivyofundishwa na yule sista Mwitaliano kule Kibakwe."

"Na ukiharibu?"

Naogopa kweli. Lakini miaka thelathini nakanda unga huku naimba nyimbo za huyo mwimbaji. Naimba mbili, ya pili ikiisha, unga umelainika. Sijawahi kutazama saa.

Amenisaidia kukanda miaka yote hiyo bila kujua. Jumamosi lazima aonje alichokanda.