Msiyafufue Maji ya Nabwire

Lodwar,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako kaka Yohana,

Pokea salamu kutoka huku kwenye jua lisilo na huruma. Mimi ni mzima, na kazi yangu ya kupika hapa zahanati inaendelea. Wifi Rosa yuko aje? Na miwa, wameshakuja kukata? Ningeuliza mengi, lakini kaka, nimekasirika na siwezi kujifanya.

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Unasema binti yangu Nabwire amelazwa tena, homa ya matumbo, mara ya pili tangu nimlete kwako Januari. Unasema maji mnachemshanga kila siku, kwa hivyo hiyo si homa ya bure, ni jicho la jirani yetu mjane, Mama Shiundu, kwa sababu alimsifu mtoto kwamba amenona. Ati mmemkataza kukanyaga kwenu. Nikaanza hata kuamini, Mungu anisamehe.

Kumbe kwenye bahasha hiyo hiyo kulikuwa na karatasi ya Nabwire, aliyoandika kabla hajazidiwa. Anasema: "Mama, maji ya hapa ni matamu, si kama yako ya moshi. Mjomba akishachemsha, anayafufua na kata moja ya mtungi."

Kata moja ya mtungi! Yohana!

Najua tunavyosemanga huko Mayoni. Maji yaliyochemka yamekufa, yananuka moshi, ukimpa mgeni atadhani amefika kwa mgonjwa. Basi unachota kata ya maji ya chemchemi, unamimina juu yake, yanaamka. Marehemu mama alifanya hivyo. Hata mimi nilifanya hivyo miaka mingi: namaliza kuni, natoa machozi kwa moshi, halafu naharibu kazi yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa hivyo singekulaumu kwa kutojua. Lakini nilikueleza! Siku ile nimemleta Nabwire nilisimama jikoni kwako nikakuambia alichonifundisha muuguzi wa hapa, kwamba vijidudu havionekani kwa macho, na kata moja ya maji mabichi inatosha kuvirudisha kwenye sufuria nzima. Ulicheka ukashika mbavu. "Dada ameenda Turkana amerudi daktari!" Kukosa si kosa, kaka, kosa ni kurudia kosa.

Na hiyo chemchemi unaijua kuliko mimi. Iko chini ya mashamba ya miwa, wakata miwa wanajisaidia humo humo, na mvua ikinyesha kila uchafu unateremka. Tangu kampeni za 92 mnaahidiwa itajengewa saruji, na mpaka leo ng'ombe wanaikanyaga. Hao waheshimiwa nao nina hasira nao, lakini kata hawakuishika wao.

Huku watu wanachimba mchanga wa mto uliokauka kutafuta debe moja, na hilo debe wanalichemsha. Ninyi mmejaliwa maji mpaka mnayachezea. Inaniuma, Yohana. Mtoto ninaye huyo mmoja tu.

Ukishapata barua hii, asubuhi yake, kabla ya shamba, nenda kwa Mama Shiundu. Usimtume mtu. Bisha hodi mwenyewe umwombe msamaha, umwambie hakumroga mtu. Halafu mwaga yaliyo kwenye sufuria. Maji ya Nabwire, hata ya kumpelekea wodini, yatokote sawasawa, yafunikwe, yapoe yenyewe, hata kama ni kungoja mpaka kesho yake. Chombo chake kiwe mbali na mtungi. Akilalamikia ladha, mwache alalamike.

Nisalimie Rosa, mwambie awe mkali kwako. Nisalimie shangazi yetu anayeuza mboga sokoni, na baba mdogo fundi baiskeli, waniombee safari njema.

Maana ninakuja. Nimepewa ruhusa, na Ijumaa napanda gari la Kitale. Sitapitia nyumbani, nitashuka na kwenda moja kwa moja wodini. Nikimkuta mwanangu ameketi anakula, nitakugombeza mbele ya wagonjwa wote, kisha nitakukumbatia, kwa sababu wewe ni kaka yangu na nakupenda. Nikimkuta vingine, Yohana, tafadhali usiwe pale mlangoni.

Ni mimi dadako, uliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo,
Florence, mamake Nabwire.