Nimekunywa kwa Mrija Wako

S.L.P. 86,
Malaba.
Jumatano, 11 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Ejoku,

Pokea salamu zangu kutoka mpakani. Je, baridi ya Gaborone imekipa kifua chako nafuu? Watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mvua imenyesha vizuri na mihogo ya babu imeshika.

Mimi bado ni karani katika ile kampuni ndogo ya kutoa mizigo forodhani. Madereva wamenizoea. Ojiambo wa lori la saruji huniita dirishani, "Injinia wa stempu, wino wa karatasi zangu umekauka?" Wenzake hucheka, nami hucheka nao.

Baba Mdogo, nina jambo la aibu. Nilipokuomba barua ya kunipendekeza kwa shahada ya uzamili, nilikuandikia kwamba kazi za uhandisi hakuna na kwamba nina hamu ya utafiti. Si kweli. Mwaka juzi niliitwa kwenye usaili, nikapewa mchoro wa kalvati ya kupitisha maji chini ya barabara, nikaulizwa nondo za juu zina kazi gani. Jibu nililijua. Lakini niliwaza watu watakaopita juu yake nikikosea, nikaomba ruhusa nikatoka. Tangu siku hiyo sikuomba tena kazi ya uhandisi, hadi jana. Masomo niliyataka ili nisiulizwe tena kwa miaka miwili.

Chuo kiliponikubali, nilimpigia babu simu kabla ya kufikiri. Jumapili baada ya misa wazee wakakusanyika nyumbani kuzunguka chungu cha ajono, pombe yetu ya wimbi. Unajua mrija wako umetundikwa ukutani tangu uondoke, na hakuna anayeugusa. Babu aliushusha mwenyewe, akanikabidhi.

"Kaa pale pa Ejoku. Wewe ndiye msomi wetu sasa."

Mzee Egwang akasogeza kigoda kunipisha. Nilikaa, nikavuta.

Jana nilikwenda kwenye daraja dogo linalojengwa karibu na Matayos. Msimamizi ni dada anayeitwa Mugeni, ana stashahada, na ni mdogo kwangu. Alivitazama viatu vyangu, akasema, "Utashika futi ya kupimia na vigingi kwanza. Maswali nitauliza mimi." Naanza Jumatatu. Leo asubuhi nimekiandikia chuo kwamba siendi. Nitasoma siku nitakapokuwa na swali langu mwenyewe, si nikikimbia la mtu mwingine.

Uliweka jina lako chini ya maneno yangu ya uongo. Nisamehe.

Babu bado hajui. Nitamwambia Jumamosi. Naipiga picha barua hii na kuituma kwa simu ili ikufikie leo, kwa sababu yeye hukupigia kila Ijumaa. Akinisifu, tafadhali msikilize tu. Nataka ayasikie haya kinywani mwangu, nikiwa mbele yake.

Nisalimie Mama Mdogo Brigid na mdogo wangu Akwii. Shangazi Asio anawakumbuka katika sala. Mungu ailinde kazi ya mikono yako.

Mwanao akupendaye, ingawa kwa aibu,
Olinga