Umependeza, Umekwisha

Tarehe 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na hiyo cherehani? Mimi mzima, sina neno. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu mama anakunyang'anya, na umbea huu si wa masikio yake.

Nimepata kazi kwenye duka la magauni ya harusi. Mimi ndiye ninayeyavaa! Mteja akija na ukoo wake, natoka nyuma ya pazia na shela, nazunguka, wanashikashika kitambaa, wanaondoka wakidhani na wao watatoka hivyohivyo. Tuko wasichana wanne. Bosi tunamwita Madam. Kila Jumatatu anatupima viuno kwa futi mbele ya watu wote, hata mbele ya mzee anayefuta vioo, kisha anaandika ukutani. Aliyeongezeka anashinda chumba cha nyuma akipiga pasi. Mimi sijapiga pasi hata siku moja.

Nishonee sketi mbili nyeusi za kazini. Vipimo viko nyuma ya karatasi. Mwambie mama nakula vizuri.

Mdogo wako

Tarehe 22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, naubeba tu. Mama hajambo, na ulimi wake ndio haujambo kabisa.

Sketi ziko kwenye kifurushi. Nilipozitundika, mteja mmoja aliniuliza, "Hizi za mtoto wa darasa la ngapi?" Nimeshona miaka kumi na sita, futi hainidanganyi. Ama umekosea kuandika, ama kuna jambo unanificha.

Picha yako ya dukani uliyomtumia, mama anaitembeza kama kitambulisho. Jumapili mashangazi walijaa sebuleni, walewale waliokuita Gunia na kukufinya mkono mezani. Safari hii wanasema, "Sasa ndiyo mwanamke! Msimlishe huyu, mwacheni hivyohivyo." Wanasema hayo midomo imejaa, mafuta yanawachuruzika kidevuni. Kisha mmoja akampokonya binti yake kijiko, mtoto wa miaka kumi na miwili: "Unataka kuwa kama Gunia wa zamani?" Mtoto akasukuma sahani. Nilitoka nje nikawaacha.

Unakula? Nijibu mimi, si mama.

Dada yako

Tarehe 19 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini wote wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako ilinikera.

Usiniulize habari za chakula. Naulizwa tangu nina miaka tisa. Mbona unakula sana? Mbona huli? Usipomaliza unamdharau aliyepika, ukimaliza una tamaa. Mlinipakulia huku mnanicheka. Na wewe ulicheka, nilikuona.

Sasa chakula nakiona kama uchafu. Harufu ya kitunguu ikipanda ngazi kutoka kwa jirani, nafunga dirisha. Nikishindwa nikala, najiona pipa la taka, situlii mpaka kitoke. Koo linawaka. Hata maji yakigusa meno nashtuka. Umeridhika? Basi ndiyo hivyo.

Wiki iliyopita mwenzangu tunayemwita Twiga alianguka katikati ya duka, gauni mwilini, mbele ya bibi harusi na mama yake. Alishuka kama nguo iliyochomoka kwenye henga. Madam akakimbia, akapiga magoti, akashika lesi ya gauni kuangalia kama imechanika. "Imepona," akasema. Ndipo akaagiza maji. Mama wa bibi harusi akauliza kama kuna mwingine wa kulivaa.

Mwingine huyo nilikuwa mimi. Nililivaa likiwa bado na joto la jasho la Twiga. Na nilifurahi, dada, kwa sababu lilinipwaya. Najionea kinyaa kwa furaha ile, lakini ndiyo furaha pekee niliyobaki nayo.

Usimwambie mama. Usiniandikie.

Mdogo wako

Tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Umenikataza na bado naandika. Nilicheka, ni kweli, na sina cha kujitetea. Huko wanakwambia umependeza. Mimi nasoma barua yako naona umekwisha. Acha hilo duka. Kama una hasira, nijibu hata kwa matusi, mradi nione mwandiko wako.

Dada yako

Tarehe 11 Agosti

Mdogo wangu,

Sijui hata nikusalimu vipi, maana sijui uko katika hali gani. Barua ya Juni hukuijibu, simu haipatikani.

Nimemwonyesha mama barua yako ya Mei. Ulinikataza, basi nichukie. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akasema, "Kila msichana hupitia hayo. Hata mimi nilijinyima. Ukimrudisha hapa atavimba tena, na nani atamwoa?" Nilimtazama mdomo ukitamka hayo nikaona kinyaa. Mama yangu mzazi.

Lakini kinyaa kikubwa ni changu. Lile gauni la bluu la mahafali yako, lililokataa kufunga zipu, ukajifungia chooni ukilia, tukasema umenenepa tena. Hukuwa umenenepa. Mama aliniambia, "Mshonee dogo kidogo, limtie adabu." Nikapunguza pande zote mbili kwa mkasi wangu mwenyewe, na nimenyamaza miaka minne.

Barua hii naitanguliza na basi la leo. Mimi napanda la Ijumaa. Ukinifungia mlango nitakaa kwenye ngazi.

Dada yako

Tarehe 30 Septemba

Dada,

Shikamoo. Ulifika nyumbani salama? Dripu iko mkono wa kuandikia, nisome kwa subira.

Daktari anasema mapigo ya moyo yameanza kwenda sawa. Siku ile uliponibeba kushuka ngazi kunileta hapa hospitali, yalikuwa yanasitasita. Nakumbuka uliiona ndoo chini ya kitanda, na hukuziba pua.

Kuna nesi anayekaa nami wakati wa kula. Haniambii "kula", wala "umependeza". Anasimulia timu yake inavyofungwa. Leo nimemaliza viazi. Nililia, lakini vimekaa.

Jana mama alikuja. Alinishika mkono akalia kweli, nikaamini. Baadaye akadhani nimelala, akamvuta nesi pembeni: "Mtibuni mwanangu, ila msimnenepeshe sana. Umbo ameshalipata." Nesi alimtazama kana kwamba ametema mate ndani ya sufuria.

Niliinuka, dripu mkononi. "Mama, toka."

"Mimi?"

"Toka. Utarudi siku utakayoweza kuniangalia usoni."

Akatoka. Nilingoja nijisikie vibaya. Badala yake nikasikia njaa, njaa ya kawaida, ya mtu yeyote. Nikamwomba nesi mkate.

Barua yako ya Agosti ililetwa pamoja na nguo zangu, nimeisoma hapa. Sijakusamehe, na sijui lini nitaweza. Kwanza nataka kukasirika, maana hasira zangu zote nilikuwa nazitapika.

Jumapili wageni wanaruhusiwa saa saba, wakati wa chakula cha mchana. Njoo hivyohivyo. Kaa kiti cha pembeni yangu, usiseme kitu.

Mdogo wako