Sala Moja Angani

Mlingotini, Bagamoyo

Kaka Hamisi, salamu zangu zikufikie huko Istanbul.

Nimemkuta Bibi anakuna nazi. Hata sijatua mkoba, akaniuliza tunakoishi ni umbali gani. Nikamwambia kilomita zaidi ya elfu tano, saa saba kwa ndege. Hazikumwingia.

"Sala ngapi zimekukuta njiani?"

"Adhuhuri tu, Bibi. Alfajiri nimesali kule, alasiri nitasali hapa."

Mkono wake ukasimama. "Sala moja. Na kakako mwaka wa sita huu ananiambia kwenye simu ni mbali."

Tulipokula sisi wawili, alipakua sahani ya tatu, akaifunika kwa kawa.

Nakuombea afya, kaka, na moyo wa kuja kumjibu mwenyewe.

Mdogo wako,
Zuhura