Prosper Hatakungoja

Boti Aurora,
Mfereji wa Gent,
Ubelgiji.
Jumatatu, 9 Novemba

Mpendwa mjukuu wangu Roosje,

U hali gani huko Kanada? Unakula chakula cha maana, au bado unatafuna mkate mkavu umesimama? Vaa zile soksi za sufu, sikuzifuma ziwe pambo. Sisi wazima, ila goti langu, nalo lilianza kuniuma kabla mama yako hajazaliwa. Irma wa boti ya jirani ndiye anayeniandikia. Nimemwonya asiyapake asali maneno yangu.

Nakuambia la paka wako. Prosper anakufa.

Zile fizi zilizovimba ulizoziona kiangazi hazikuwa jambo la meno tu. Daktari wa mifugo alimpima damu: ana ukimwi wa paka. Usishtuke, haumwambukizi mtu. Hupita kwa kung'atana, paka kwa paka, na unajua Prosper alivyokuwa. Tukisubiri tu zamu ya kupita kwenye lango la mfereji, yeye kesharuka ukingoni kupigana na madume ya boti nyingine, na wanaume wanashangilia kama wako kwenye mbio za baiskeli.

Daktari alishatuambia zamani tumhasi, atulie, akae ndani. Babu yako Achiel akamjibu, "Mama daktari, dume la boti ya kubeba ngano ukilihasi, panya watalikojolea masharubu." Manahodha wote wa hapa husema hivyo, na baba zao walisema hivyo. Irma alipompeleka paka wake kuhasiwa wiki iliyopita, walimcheka.

Tumejaribu, mwanangu. Aling'olewa meno karibu yote ili kinywa kipoe. Akapewa dawa za vidonda, za kifua, za kuhara. Kimoja kikipona kingine kinaingia, maana mwili wake hauna tena askari. Ile dawa uliyoisoma kwenye mtandao nilimwuliza daktari. Akasema, "Bibi Godelieve, paka wengine huwapa nafuu. Kuufukuza ugonjwa, hapana. Na kwa huyu wako tumeshachelewa." Nikamshukuru kwa kutonidanganya.

Tumemfungia ndani asije akawaambukiza wenzake. Sijui atawang'ata kwa jino lipi, masikini. Babu yako alikuwa akimlambisha supu ya samaki kidoleni. Jana nikamchokoza babu yako, "Haya, mzee kichwa kigumu, panya wako wapi?" Akachovya tena kidole kwenye supu, ingawa paka hafungui kinywa. Afadhali angenitukana.

Umeandika unatafuta tiketi ya Krismasi uje kumwona. Usinunue kwa ajili yake. Tangu juzi hagusi hata maji. Alhamisi daktari anakuja hapa botini na sindano, na babu yako amesema atamshika mwenyewe. Sikuomba ruhusa yako, wala siiombi.

Barua hii naituma kwa posta makusudi. Kwa simu ungelia, mimi ningelegea, na yeye angeteseka kwa ajili ya machozi yetu. Ukiisoma, tumeshamzika.

Mama yako anakusalimu, na mjomba Firmin pia. Babu yako hana salamu leo, msamehe. Mungu akufunike huko kwenye baridi, akupe mtu wa kukushika mkono ukifika mstari huu.

Nikupendaye hata ukinikasirikia,
Bibi yako, Godelieve