Jumba la Dubai na Pasipoti ya Mwakio

Jumatatu, 3 Novemba 2008
Treni kutoka Rågsved ninakokaa, kubadilisha mjini Stockholm, hadi ofisini Kista. Kutwa nachora bwawa la kuogelea juu ya paa la jumba la Dubai. Bahari iko miguuni pake, bado wanataka maji mengine juu. Mdogo wangu Mwakio yuko hapohapo, anamwaga zege. Akipiga simu huuliza nimechora hadi ghorofa gani. Ananicheka. Wajenzi wako mbele yetu wachoraji.

Jumamosi, 8 Novemba
Mama amelazwa Voi. Kiharusi. Mwakio ameomba ruhusa, amenyimwa. Pasipoti yake imefungiwa kwa mkandarasi hadi jumba liishe. "Dada, ongea na wazungu wako." Sijala kitu.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimemwambia bosi, Anders. Alinisikiliza vizuri, akaniletea kahawa. Kisha: "Hayo ni ya mkandarasi. Sisi tunachora tu." Alhamisi wenye jumba wanakuja. Mimi ndiye wa kueleza bwawa. Nina hasira.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimesema. Nilieleza vigae, nikaeleza taa za chini ya maji. Halafu, mbele ya wote: ndugu yangu analijenga jumba hili, mama yetu ni mgonjwa, pasipoti yake imefungiwa. Mgeni mmoja mzee akauliza jina lake. Nikalitaja. Anders mwekundu hadi masikioni.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimeondolewa kwenye mradi. Hilo halinisumbui. Simu ya Mwakio imezimwa. Kwa nini nilimtaja jina? Wakimfanya kitu je? Mjinga mimi.

Jumanne, 18 Novemba
Amepiga. Yuko Nairobi! Walimrushia pasipoti, wakamfutia viza. Nililia kwa furaha, yeye akafoka: "Nilitaka ruhusa, dada, si kufukuzwa! Nani atanipa kazi sasa?" Akakata. Ana haki. Ningesema tena.

Ijumaa, 28 Novemba
Ujenzi umesimamishwa. Mabenki yamekwama, anasema Anders. Ofisi imepoa. Nachora ngazi za shule moja ya hapahapa, mtaa wa Hallunda. Mwakio bado hataki kuongea nami.
Mchana simu ikalia. Mama mwenyewe. Maneno yanamtoka mazito, moja moja. Yuko nje, anaota jua. Nani amekutoa, Mama?
"Mwakio. Amenibeba."
Nikamsikia Mwakio kwa mbali, akimwambia asiongee sana, atachoka.